Mnara wa Udongo na Jina la Mfalme



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nikiwasomesha vijana wangu wa darsa kisa cha Firauni. Tukafika mahala pale ambapo Firauni anamwamrisha Haman amuwashie moto juu ya udongo, amjengee mnara mrefu, apate kupanda akamtazame Mungu wa Nabii Musa (A.S.). Kijana mmoja, mtoto wa fundi mwashi, akanyanyua mkono akaniuliza: "Maalim, mnara wa udongo utakwendaje juu hivyo? Masika moja tu, si utaanguka?" Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jawabu. Nikamwambia lile neno ambalo sisi walimu hulisema tukishikwa: "Tuendelee kwanza, hayo tutayaona mbele."

Miaka ikapita. Kijana yule akawa mtu mzima, akashika kazi ya babake, na leo ana watoto wake. Lakini suali lake lilibaki kwangu kama deni. Na deni, ewe msomaji, hata likiwa dogo halimwachi mtu alale raha. Basi Mwenyezi Mungu alipotujaalia, mimi na walimu wenzangu wawili, kupata safari ya kwenda Iran, nilisema moyoni: safari hii nitalilipa.

Nilikwenda nikaona kwa macho yangu mnara wa udongo uliosimama kwa zaidi ya miaka 3,200. Si mnara wa Firauni, wala mtu asininukuu vibaya. Ni wa mfalme mwengine, wa nchi nyengine. Lakini ni udongo, na udongo wa nje umechomwa moto, na umekwenda juu. Nataka nikusimulie khabari zake, na nataka nikusimulie pia jambo langu mwenyewe ambalo mnara ule ulinifunulia, ijapokuwa kulisema kwangu ni kuona haya.

Huenda msomaji akaniuliza: Je, yafaa Muislamu kwenda kutazama magofu ya waabudu masanamu? Suali hili ni zuri. Mtume wetu (S.A.W.), alipokuwa safarini kwenda Tabuk katika mwaka wa tisa wa Hijra, alipita kwenye maskani ya Thamud. Akawakataza masahaba wasiwaingilie watu wale walioadhibiwa ila wawe wenye kulia, kisha akajifunika kichwa akaharakisha mwendo. Hilo ni fundisho la adabu: mahala pa maangamizo si mahala pa mzaha. Lakini Qur'ani hiyo hiyo imetuamrisha si mara moja kwamba tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Anayekwenda kucheza amepoteza nauli yake. Anayekwenda kuzingatia, huyo ameitika amri.

Tuliondoka mji wa Ahvaz asubuhi mapema, mwezi wa Februari. Nchi ile inaitwa Khuzestan, iko kusini magharibi ya Iran, karibu na mpaka wa Iraqi. Ni nchi tambarare, na joto lake la kiangazi si la kusimuliwa. Hupindukia daraja 45. Njiani tulipita mashamba ya miwa ya Haft Tappeh, na mwenzangu mmoja akasema, "Hapa kama nyumbani." Nchi hii imeonja mengi. Kuanzia mwaka 1980 mpaka 1988 vita vya Iran na Iraqi vilipiganwa juu ya ardhi yake, Waislamu kwa Waislamu, na mpaka leo wazee wa huko wakivitaja hushusha sauti.

Kwanza tulifika Shush, mji ambao vitabu vya zamani vinauita Susa, na wanachuoni wetu wa tarikhi wanauita Sus. Ni katika miji mikongwe kabisa duniani. Hapo pana kaburi linalonasibishwa na Nabii Danieli (A.S.), na juu yake pana kuba jeupe lililochongoka, linaloonekana kwa mbali. Waandishi wetu wa tarikhi wanasimulia kwamba majeshi ya Waislamu yalipoifungua nchi ile katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), chini ya Abu Musa Al-Ash'ari, yalikuta maiti iliyohifadhiwa ambayo wenyeji walisema ni ya Danieli. Wengine wanasema ilikuwa Sus, wengine wanasema Tustar. Wenyeji walikuwa wakiitoa maiti ile nje wakati wa ukame ili waombee mvua. Akaandikiwa Sayyidna Umar. Naye akaamrisha izikwe, na kaburi lake lifichwe. Katika riwaya moja, Waislamu walichimba makaburi 13 mchana, mbali mbali. Usiku wakamzika katika moja, kisha wakayasawazisha yote, ili watu wasijue yuko wapi.

Nakuomba, ewe msomaji, uiweke riwaya hii mfukoni. Tutaihitaji mbele.

Kutoka Shush kwenda kusini mashariki, mwendo wa kiasi ya kilomita 40 kwa njia ya gari, tukafika mahala panapoitwa Chogha Zanbil. Anayejua Kiarabu atalitambua neno zanbil: ni kikapu. Na chogha kwa lugha ya watu wa kule ni kilima. Basi ni Kilima cha Kikapu, kwa sababu kabla hapajachimbwa, palionekana kama kikapu kikubwa kilichofudikizwa juu ya uwanda. Wachungaji walipita hapo na mifugo yao karne nyingi, na hapana aliyejua kilichomo ndani. Mwaka 1935 watu waliokuwa wakitafuta mafuta kwa ndege ndio waliotanabahi kwamba kilima kile si kilima. Kisha Mfaransa mmoja, Roman Ghirshman, akakichimba kwa miaka mingi, tangu 1951 mpaka 1962, udongo wa juu ukaondolewa, na jengo likatoka. Mwaka 1979 likaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, likiwa miongoni mwa mahala pa mwanzo kabisa pa Iran kuandikwa humo.

Sasa sikiliza khabari zake. Kiasi ya miaka 1250 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) palikuwa na dola iliyokuwa ikiitwa Elam. Dola hii ilikuwa na pande mbili: upande wa uwanda, mji wake Susa, na upande wa milima, mji wake Anshan. Ndiyo maana wafalme wake wakijiita wafalme wa Anshan na Susa. Na magofu ya Anshan yako karibu na Shiraz. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, maana pwani yetu imejaa watu wanaosema kwamba asili yao ni Shirazi. Lakini asije mtu akatoka hapo na kudai kwamba wafalme wa Elam ni babu zake! Baina ya wao na khabari za majahazi ya Kishirazi kuja Kilwa pana miaka zaidi ya elfu mbili. Na lugha yao haikuwa Kiajemi wala Kiarabu; ilikuwa lugha peke yake, isiyokuwa na jamaa anayejulikana kwa yakini.

Mfalme wa zama hizo alikuwa Untash-Napirisha, mwana wa Humban-Numena. Alitaka kujenga mji mpya mtakatifu, na katikati yake hekalu kubwa la mungu wake Inshushinak, aliyekuwa mungu wa Susa, pamoja na mungu mwengine aitwaye Napirisha. Jengo la namna hii huitwa zigurati: ni mnara wa daraja, kila daraja ndogo kuliko iliyo chini yake, na juu kabisa chumba cha ibada. Kitako chake ni cha mraba, na kila upande una mita 105. Wataalamu wanakadiria kwamba ulipokuwa mzima ulikwenda juu kiasi ya mita 52, nao ulikuwa na daraja tano. Zilizobaki leo ni kiasi ya mita 25. Kuuzunguka mnara pana kuta tatu, ukuta ndani ya ukuta, na ule wa nje mzunguko wake ni kiasi ya kilomita nne.

Na hapa ndipo nilipopata jawabu la yule kijana. Ndani, jengo ni matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Lakini nje limevishwa koti la matofali yaliyochomwa motoni, koti nene lenye kiasi ya mita mbili. Tena mafundi wale walijua vyema nini adui yao: walijenga mifereji ya matofali ya kuchomwa inayoteremka kutoka juu mpaka chini, maji ya mvua yapite humo yasiguse udongo mbichi. Jambo jengine la ajabu ni kwamba daraja za mnara hazikupandishwa moja juu ya mgongo wa mwenzake, kama zilivyojengwa zigurati za Iraqi. Mwanzo palikuwa na jengo la mraba lenye uwanja wazi katikati. Kisha ndani ya uwanja ule zikajengwa daraja nyengine, kila moja ikianzia chini ardhini na kuipita kwa urefu ile iliyo nje yake, kama masufuria yaliyoingiana. Kwa hivyo kila daraja ina msingi wake. Basi ukiuliza udongo unasimamaje, jawabu ni hili: kwa msingi, kwa moto, na kwa kuyapa maji njia ya kupita. Mtoto wa fundi angeyafahamu haya kwa haraka kuliko mimi.

Leo wageni hawaruhusiwi kuupanda mnara, wala si vyema, maana kila unyayo unaubomoa kidogo. Wenyeji huupaka juu yake udongo uliochanganywa na makapi ya ngano, kama wanavyopaka mapaa ya nyumba zao, ili mvua isiule. Hata baada ya miaka 3,200 bado unahitaji mtu wa kuupaka udongo. Hakika hapana jengo lisilohitaji mlezi.

Tukauzunguka polepole. Na katika kuuzunguka, mwenzangu akanionesha kwa kidole: "Sheikh, tazama kuta hizi zinasema." Kweli, katika kuta zile, kila baada ya safu kumi za matofali pana safu moja iliyoandikwa. Ni herufi za umbo la misumari midogo, zilizopigwa katika udongo ungali mbichi kisha ukachomwa. Matofali yaliyoandikwa ni maelfu. Na yanasema nini? Yanasema, kwa maana yake: mimi Untash-Napirisha, mwana wa Humban-Numena, mfalme wa Anshan na Susa, nimejenga hapa. Ukenda upande huu, mimi Untash-Napirisha. Ukenda upande ule, mimi Untash-Napirisha. Hata mji wenyewe aliuita kwa jina lake.

Nilisimama nikatazama. Kila tofali lilitoka mikononi mwa mtu. Mtu aliukanda udongo, mtu aliubana katika kalibu, mtu aliuanika juani, mtu alikata kuni, mtu alikesha na tanuri, mtu alibeba kichwani. Mamilioni ya matofali! Na katika watu wote hao hapana hata mmoja ambaye jina lake limeandikwa ukutani.

Ila mmoja aliacha alama. Kwenye matofali ya sakafu, karibu na mnara, wageni huoneshwa unyayo. Ni unyayo wa mtoto. Tofali lilikuwa bado ni bichi, limeanikwa chini, mtoto akalikanyaga. Kisha likachomwa na unyayo wake, likawekwa sakafuni. Vidole vyote vinahisabika. Mtoto huyu hakuwa na nia ya kukumbukwa. Pengine alikuwa akikimbia, pengine alipigwa kwa kuharibu tofali. Miaka 3,200 imepita, na mguu wake uko pale pale, kama amepita asubuhi hii.

Ewe msomaji, mimi nimesomesha watoto zaidi ya miaka arubaini. Nilipouona unyayo ule, machozi yalinitoka kabla sijajua nalia nini. Jina la mfalme halikuniliza. Wenzangu wakaniacha, wakasogea mbele.

Sikuwadharau watu wale. Waliabudu masanamu, na sisi tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuongoa. Lakini mtu asiyekuwa na khofu na asiyekuwa na tamaa ya rehema habebi matofali mamilioni. Walimwita Inshushinak shahidi wa viapo na hakimu wa wafu. Maana yake walijua kwamba kiapo kina dhamana, na kwamba baada ya kufa pana hisabu. Walijua suali, wakakosea jawabu. Na wangapi katika sisi tunaolijua jawabu, na hali suali lenyewe tumelisahau?

Karibu na mnara pana magofu ya kasri, na chini ya sakafu zake pana ngazi zinazoshuka mpaka kwenye makaburi. Mapaa ya makaburi yale yamepindwa kwa matofali ya kuchomwa, na baadhi yake yalikutwa yamesimama mpaka zama zetu. Ndani yake walikutwa maiti waliochomwa moto. Milango ya jengo walikuwa wakiipamba kwa vipande virefu vya kioo, cheusi na cheupe, katika zama ambazo kioo kilikuwa kitu cha wafalme.

Hata hivyo mji ule haukutimia. Wachimbaji walikuta maelfu ya matofali yamepangwa, tayari kujengewa, na hapana aliyekuja kuyajengea. Mahekalu mengine yaliyokusudiwa hayakujengwa. Mfalme alikufa, na waliokuja baada yake wakapendelea kurudi Susa. Fikiri: matofali yamechomwa, yamehisabiwa, yamepangwa, yanangoja kesho. Yangali yanangoja. Mangapi katika nyumba zetu yako hivyo! Deni la marehemu tuliloahidi kulilipa. Ndugu tuliyenuia kwenda kupatana naye baada ya Ramadhani. Funga tuliyosema tutailipa wakati wa baridi.

Kisha likaja la pili. Mfalme wa Ashuru, Ashurbanipal, aliivamia nchi ya Elam, na kiasi ya miaka 640 kabla ya Nabii Isa mji wa Untash-Napirisha ukabomolewa. Mfalme huyo mwenyewe amejisifu katika maandishi yake kwamba aliivunja zigurati ya Susa, akayafukua makaburi ya wafalme wa Elam, na akamwaga chumvi juu ya ardhi yao. Na haikupita hata miaka thalathini na tano, mji wake yeye, Ninawi, ukaangushwa na maadui zake mwaka 612. Dunia ni zamu.

Mkewe Untash-Napirisha, Malkia Napir-Asu, alifanyiwa sanamu ya shaba, nzito mno, yenye uzani wa kilo 1,750. Juu ya sanamu ile wameandika laana: atakayeivunja, au kuiyeyusha, au kulifuta jina la malkia, miungu yote na imshukie, asibakishe jina wala kizazi. Sanamu hiyo ilikutwa Susa mwaka 1903, na leo iko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre. Haina kichwa. Laana haikulinda kichwa.

Na kiasi ya miaka mia baadaye alitokea mfalme mwengine wa Elam, Shutruk-Nahhunte. Huyu aliiteka miji ya Iraqi, akateka pia mawe yaliyochongwa na wafalme wenziwe, akayaleta Susa. Lile jiwe la ushindi la Naram-Sin, akaandika jina lake yeye juu yake. Na lile jiwe mashuhuri la sheria za Hammurabi, ambalo lilikutwa Susa katika majira ya baridi ya 1901 na 1902, safu kadhaa za maandishi yake zimekwanguliwa zikafutwa. Wataalamu wanaona kwamba palitayarishwa ili paandikwe jina la aliyeliteka. Lakini hapakuandikwa kitu. Sheria zimefutwa, na jina halikuandikwa. Pamebaki peupe.

Sasa nifike kwenye langu.

Kabla ya safari hiyo, sisi katika mtaa wetu tulikuwa tumejenga madrasa mpya. Ile ya zamani ilikuwa chumba kimoja, na watoto walikuwa wakikaa mpaka barazani. Kamati ikanijia ikaniambia: "Sheikh, umesomesha miaka mingi, tunataka madrasa hii iitwe kwa jina lako, na tutachonga jiwe la marumaru tuliweke juu ya mlango." Mtu mwenye adabu angekataa mara tatu. Mimi nilikataa mara moja, tena kwa sauti ndogo. Walipoleta mchoro wa jiwe, sikunyamaza: niliwaambia jina la babu limesahauliwa, waliongeze. Nikawaambia na herufi ni ndogo, mtu aliye barabarani hatazisoma. Wallahi nilisema hivyo. Na jiwe likachongwa, likawa linangoja nirudi safarini lifunguliwe kwa maulidi.

Hayo ndiyo yaliyonijia pale mbele ya ukuta ule unaosema mimi, mimi, mimi. Nilidhani nimekwenda kuwazingatia wafalme wa kale. Kumbe wafalme wa kale ndio walionizingatia mimi.

Nikakumbuka nani alijenga madrasa yetu. Nikamkumbuka mama mmoja mjane, muuza vitumbua, aliyekuwa akileta sarafu zake kila Ijumaa zimefungwa katika pindo la kanga. Nikawakumbuka wavuvi walioikatia madrasa fungu katika kila shehena ya samaki msimu mzima. Nikawakumbuka watoto wenyewe, waliobeba mchanga kwa ndoo baada ya kusoma, mpaka bega la mmoja likachubuka. Hapana hata mmoja wao aliyekuja kuuliza jina lake litaandikwa wapi. Nikaikumbuka na ile riwaya niliyokuomba uiweke mfukoni: makaburi 13 yaliyochimbwa ili mja mwema apotee machoni pa watu. Huyu amefichwa, na umma unamtaja kwa rehema. Yule amejiandika maelfu ya mara, na karne nyingi wachungaji walimpita wasimjue.

Nataka niwe muadilifu. Sisemi kwamba kuandika jina ni haramu. Wakfu huandikwa, tena ni wajibu uandikwe sawasawa, ili mali ya mayatima isije ikaliwa na mwenye nguvu. Kitabu huandikwa mtungaji wake, ili ajulikane nani wa kuulizwa. Na lau Untash-Napirisha asingeandika matofali yake, mimi leo nisingekuwa na khabari za kukusimulia. Maandishi ni amana, na elimu imejengwa juu yake. Lakini pana kuandika kwa ajili ya haki ya watu, na pana kuandika kwa ajili ya njaa ya nafsi. Kalamu ni moja, nia ni mbili. Na mwenye kuijua nia yake ni yeye na Mola wake.

Niliporudi nyumbani niliiita kamati, nikawaambia yote kama nilivyokwambia wewe. Mmoja alikasirika kidogo, akasema jiwe limelipiwa. Alikuwa na haki, maana fedha zile zilikuwa za watu. Basi nikatoa thamani ya jiwe katika mfuko wangu, nikairudisha katika mfuko wa madrasa. Jiwe tukaligeuza, maandishi yakatazama ukutani, likawa la kutegemeza rafu ya mitungi ya maji ya watoto. Mlango wa madrasa hauna jina. Watu wanaiita kwa jina la mtaa, na watoto wanaijua njia.

Na hata kukusimulia haya naogopa yasije yakawa jiwe jengine la marumaru, kubwa kuliko la kwanza. Basi niombee.

Halafu nilimwendea yule kijana wangu, fundi, nikamkuta juu ya ngazi anapiga lipu. Nikamwambia: "Nimekuletea jawabu lako." Akacheka, alikuwa amesahau. Nikamweleza msingi, na koti la matofali ya kuchomwa, na mifereji ya maji. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamweleza na unyayo wa mtoto. Hapo akanyamaza, akateremka, akaniambia: "Maalim, yule mtoto si mpita njia. Matofali yakianikwa lazima yageuzwe upande ili yakauke sawasawa, na kazi hiyo ya kugeuza hupewa watoto, maana miili yao ni myepesi. Yule alikuwa kazini."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikwenda mbali nikamwona mtoto mchezaji, na fundi asiyetoka mtaani kwake akamwona mtoto mfanyakazi. Sijui kwa yakini nani kati yetu amesibu. Lakini tangu siku ile, nikiwaona watoto wamebeba ndoo za mchanga, nawaambia waziteue ndogo, wapumzike, na wanywe maji kwanza.

Ewe msomaji, ikiwa umejenga kitu katika dunia hii, nyumba, kisima, au mtoto uliyemlea, jiulize masuali matatu kabla hujalala. Msingi wake nini? Nani alibeba nami, na je, nimempa haki yake? Na yako wapi matofali niliyoyapanga nikayaacha yakingoja? Jina litajiangalia lenyewe. Yuko Asiyesahau, aliyeandika majina ya wabeba matofali wote wa Chogha Zanbil, mmoja baada ya mmoja, na jina la yule mtoto pia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaozingatia, na ayapokee machache yetu. Amin.

Wassalaamu alaykum.